Mwanga Huu, Mwanga Huyu

9 Januari

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Chumba nilichopanga kiko nyuma ya duka la dobi. Ukuta mmoja una joto kutwa kwa sababu ya pasi zao, ukuta wa pili una baridi, nami nalala katikati kama mpatanishi.

Jumba la maigizo ni kubwa kuliko nilivyodhani, na ndani ni jeusi: kuta nyeusi, sakafu nyeusi, mapazia meusi. Sisi tunaofanya kazi nyuma ya jukwaa nasi huvaa nyeusi ili watazamaji wasituone. Fundi anayetufundisha huitwa Ngazi, maana ni mrefu na hashuki kwenye ngazi ila kwa ajili ya kula. Siku ya kwanza hakunifundisha neno. Alinipa ndoo na kitambaa akasema, "Osha vioo vya taa." Nilipouliza nitaanza lini kujifunza, akajibu, "Binti, ukitia rangi juu ya uchafu utapata uchafu wa rangi." Wenzangu wakacheka. Nikaosha.

Basi ukiulizwa ninafanya nini huku, sema nasomea mataa. Ila nakusihi jambo moja: mbele ya mama mkwe usitaje umeme. Tangu mume wangu alipoteleza juu ya nguzo umeme ukamuua, mama yake hata redio ya jirani huipitia mbali. Nilimwambia nakwenda kusomea kazi za jukwaani, na ndivyo ilivyo.

Unakumbuka alivyotamka mbele yako: nikimaliza mafunzo, nikapata kazi na chumba chenye mlango unaofungwa, atanikabidhi Chiriku wangu. Mwambie Chiriku mama yake anahesabu kuchomoza kwa jua. Msomee barua hii, ila uruke pale pa kurukwa.

Mwanao.


27 Januari

Kwa mwanangu, niliyeachiwa na marehemu ndugu yangu.

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute ukiwa mzima wa mwili na imani. Sisi hatujambo, tunamshukuru Yeye ambaye hashukuriwi vya kutosha.

Barua yako nimeisoma, kisha nikaisoma tena nikiwa na kalamu mkononi, kama nilivyozoea kwa wanafunzi wangu. Umeandika kwamba unasomea "mataa". Mwanangu, hilo ni neno la njia panda. Taa ni chombo, na chombo husomewa na mwenye kukitengeneza. Wewe unasomea kile kitokacho chomboni. Usikiite nuru, kwa kuwa neno hilo nimelizoea likitajwa pamoja na mambo matukufu, na sidhani kuwa jukwaa limefika huko. Kiite mwanga. Mtu akishindwa kuitaja kazi yake sawasawa, hata kuifanya itamshinda.

Hukunificha jambo, nami sitakuficha: maigizo siyapendi. Mtu kutoka nyumbani kwake akalipa ili amtazame mwenzake akijifanya mtu mwingine, hilo halijaniingia. Lakini kazi ya mikono ni heshima, na mjane anayetafuta riziki yake kwa haki hana wa kumuuliza.

Chiriku nimemsomea, nikiruka ulipotaka niruke. Nimemfundisha neno lenyewe pia. Aliniuliza, "Babu, mama ni taa?" Nikamwambia, "La. Mama yako ni mtu wa mwanga." Amelirudia neno hilo mpaka kuku wakahama kivuli. Jina lake halikukosewa. Ndege yule hanyamazi.

Shika sala zako.

Baba yako mkubwa.


20 Februari

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nimeacha kusema mataa. Ngazi aliponisikia nikisema "mwanga" alishuka vipago viwili vya ngazi yake, akaniuliza, "Nani kakutia adabu?" Nikamjibu, "Baba yangu mkubwa." Akasema, "Mlete atufundishe wote."

Sasa nimeanza masomo yenyewe. Alimkalisha mlinzi wa jumba kwenye kiti katikati ya jukwaa, akazima kila kitu, akaacha taa moja. Alipoiweka mbele, uso wa mlinzi ukawa bapa kama sahani. Alipoiweka juu ya utosi, macho yakawa mashimo. Alipoiweka chini miguuni, mzee wa watu akageuka kitu cha kutisha, naye masikini akawa anauliza, "Mbona mnanicheka, nina nini?" Ilipokuja kando, mifupa ya shavu ikachongeka, ukamwona mtu mwenye historia. Ilipokwenda nyuma yake, akang'oka kutoka gizani, akasimama peke yake. Uso ni ule ule, Baba mkubwa. Mlinzi hakutikisa hata kope.

Ngazi anasema kwanza mtu aonekane, kisha mtazamaji ajue atazame wapi, kisha ajue ahisi nini, bila kuambiwa. Zoezi langu la kwanza nilishindwa. Niliwasha kila pembe. Akasema, "Umewasha soko. Ukimwangazia kila mtu hujamwangazia yeyote. Jifunze kumwacha mtu gizani." Hilo ndilo linalonitesa. Kuwasha naweza, kuacha giza mahali pake bado.

Mwezi wa nane kuna igizo kubwa, na nikifaulu hapo ataniombea kazi ya kudumu. Mwambie Chiriku kwamba mama yake akisogeza kidole tu, mtu mzima hutoweka mbele ya ukumbi mzima, na akikirudisha, mtu yule hurudi akiwa anacheka.

Mwanao.


16 Machi

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Nakuandikia jambo dogo, ingawa imenichukua wiki nzima kuliona kuwa dogo.

Chiriku alifuatana na bibi yake bombani kuchota maji. Wanawake, kwa kumpenda, wakamchokoza: "Wewe Chiriku, mama yako yuko wapi siku hizi?" Mtoto akaweka kikopo chake chini, akainua kidevu, akajibu kwa fahari, "Mama yangu ni mwanga! Anafanya kazi usiku. Anavaa nguo nyeusi asionekane. Akisogeza kidole mtu anapotea!"

Walicheka, mwanangu. Kisha mmoja akaacha kucheka, na wengine wakamtazama yeye.

Mzazi mwenzangu, mama mkwe wako, alikuja kwangu bila kuvua ushungi. "Mzee, mtoto amefundishwa nini hapa kwako?" Nikamweleza kwa utaratibu. Nilimwambia lugha yetu ina mwanga wa aina mbili: mwanga huyu, yule mtu muovu anayewanga usiku, Mungu atuepushe, na mwanga huu, ambao ni weupe wa jua na wa taa. Herufi ni zile zile, ngeli ni mbali mbali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtoto hakusema mama yake anasomea mwanga huu. Alisema mama yake ni mwanga. Mtu akiwa mwanga, Mzee, ni huu au ni huyu?"

Nimefundisha sarufi na dini tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Swali hilo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

Usifadhaike. Maneno ya bombani hukauka pamoja na ndoo. Endelea na masomo.

Baba yako mkubwa.


2 Aprili

Baba mkubwa,

Shikamoo. Hayo hayakauki. Unawajua wanawake wa bombani kwa salamu. Mimi nimechota nao maji. Lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani.

Mimi niliandika mataa, Baba mkubwa. Niliandika mataa.

Sikulaumu, nataka tulizime jambo hili kabla halijaingia kikaoni. Waambie nashona mapazia. Si uongo mtupu: wiki iliyopita nilishona pazia lililochanika, na Ngazi akasema nina mkono mzuri. Sema ni fundi wa mapazia, basi. Fundi cherehani hakuna anayemwogopa. Ikifika Agosti nimekwisha kuja, nimemchukua mwanangu, na mapazia yasahaulike.

Nakuomba kama ambavyo ningemwomba marehemu baba.

Mwanao.


25 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia asubuhi, na kikao kiliitwa jioni ile ile. Sikupata siku ya kufikiri. Na hata kama ningeipata, sijui ningeitumiaje.

Tulikaa nyumbani kwa mzazi mwenzangu. Ami wa marehemu mumeo ndiye aliyeongoza. Aliniheshimu sana, na heshima ile ndiyo iliyonifunga. "Mzee," alisema, "wengine hapa tungewaapisha. Wewe hatukuapishi. Neno lako ni kiapo. Tuambie mkamwana wetu anafanya kazi gani."

Mapazia yalikuwa kwenye ulimi wangu. Naliona pazia lako moja, na mkono wako mzuri. Lakini watu wale wamesimama nyuma yangu katika sala miaka yote hii, na nilijua kwamba nikisema uongo pale, hakuna neno langu lolote lililopita ambalo lingebaki na miguu. Nikawaambia: anapanga mwanga wa jukwaani.

"Mchana au usiku?"

"Aghalabu usiku."

"Yeye mwenyewe hukaa penye mwanga?"

"Hukaa gizani, ili wengine waonekane."

"Huvaa nini?"

"Nguo nyeusi."

Kijana mmoja akadakia kutoka mlangoni, "Na ungo je, wamempa?" Watu wakaangua kicheko, hata ami akafuta macho, nami nikamshukuru Mungu nikidhani mambo yamelainika. Mzazi mwenzangu peke yake hakucheka. Akaniuliza polepole, kama anayeuliza njia:

"Hizo taa zake, Mzee, zinawashwa na nini?"

Nililijua jibu, nikajua pia litamwingia wapi. Nikasema, "Umeme."

Alilainisha mkeka kwa mkono mahali palipokuwa laini tayari. Kisha akasema, "Basi mwanangu hakuteleza."

Hakuna aliyecheka tena. Sasa wanasema ulianza kuujua mwanga zamani, na kwamba nguzo ile ilikuwa somo lako la kwanza. Nimekana kwa jina la Mola wangu. Wananiambia, "Tunakuamini, Mzee, wewe hujui."

Mtoto amezuiwa kuja kwangu.

Baba yako mkubwa.


10 Mei

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Mume wangu alipokuwa juu ya nguzo ile mimi nilikuwa chini nimeshika mfuko wake wa vifaa. Mama mkwe anajua. Ndiye aliyenivua mfuko ule mkononi, maana vidole vilikuwa havifunguki.

Ngazi amenipa ruhusa na ameniazima taa mbili ndogo pamoja na kisanduku cha kupandisha na kushusha mwanga wake. Nitawaonyesha mchana, wakiwa wamekaa, wakigusa kila waya. Mwenye macho haambiwi tazama. Nipe chumba chako cha kusomeshea, madirisha yake yanafungika vizuri. Waite wote. Mwombe mama mkwe aje na Chiriku. Najua kwako hatakataa.

Nitamkalisha mtoto kwenye kiti. Upande mmoja nitaweka mwanga wa joto kama wa asubuhi, upande wa pili wa baridi kidogo, ili uso upate umbo. Wakiona hivyo watajua ni kazi, kama kupika au kufuma.

Mwanao.


8 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kuandika tangu siku ile ulipokuja na taa zako, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta namna, na namna haipo.

Ulikuwa nyuma ya taa. Aliye nyuma ya taa hazioni nyuso za watazamaji, nawe uliondolewa chumbani kabla ya kuuliza. Nakuandikia nilichokiona mimi niliyekaa pembeni.

Wote walikuja wakiwa na hofu, na kwa kitambo hofu ile iliwatoka. Ulipowasha taa ya upande wa dirisha, mtoto akatokea gizani kana kwamba anaumbwa mbele yetu. Mimi nisiyependa maigizo nilijikuta nimeacha kuvuta tasbihi yangu. Ulipoiongeza ya pili, shavu lake likachongeka, na paji la uso, na ule mkunjo wa midomo. Mzazi mwenzangu akainuka nusu kutoka kwenye mkeka. Hakumwona Chiriku. Alimwona mwanawe. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo mno, "Huyo hapo." Na machozi yake, mwanangu, yalikuwa ya shukrani. Naapa kwamba wakati ule ulikuwa umeshinda.

Kisha ukasogeza kidole.

Najua ulitaka waone mwisho wa kazi, jinsi mwanga unavyoshuka taratibu mpaka giza likamilike. Ulishuka vizuri. Ulishuka hata sikujua ulikwisha wakati gani. Na kutoka gizani mtoto akacheka akapiga kelele, "Bibi, nimepotea!"

Yale makelele uliyasikia mwenyewe. Usiloliona ni hili: bibi yake alimwona mwanawe akirudishwa, na akamwona akichukuliwa tena, na mara ya pili ilikuwa kwa mkono wako. Wakati wanakusukuma mlangoni alikuwa amemkumbatia mtoto akimwambia, "Usimtazame, mwanga huyo, atakuchukua." Chiriku alikuwa akikuita. Aliposikia hivyo akanyamaza, akaficha uso.

Juzi wamemhamisha. Yuko kwa shangazi yake, mbali, na mahali penyewe sijaambiwa. Taa zako nimezifunga kwenye shuka safi, nitazituma kwa dereva ninayemwamini. Kioo kimoja kimepasuka.

Baba yako mkubwa.


19 Agosti

Baba mkubwa,

Shikamoo. Taa zilifika. Kioo nimelipa.

Igizo limemalizika. Nilifaulu. Ngazi alisema mbele ya wote kwamba giza langu sasa limeiva, kwamba najua kumwacha mtu bila mwanga mpaka watazamaji wamtamani. Wakapiga makofi. Nimepewa kazi ya kudumu. Nimehama nyuma ya dobi. Chumba kipya kina mlango unaofungwa na kitanda cha pili. Kila nilichoahidi mbele yako nimekitimiza, na hakuna wa kumkabidhi wala wa kunikabidhi.

Nilikwenda kwenye ofisi ya ustawi. Mama aliyenihudumia alikuwa mwema. Akasema nilete wazee wa familia watoe ushahidi. Wazee wa familia ndio hao.

Sikuombi umchukue. Sikuombi hata umtajie jina langu. Wewe hawawezi kukufungia mlango. Ukijua alipo, nenda ukamtazame tu, kisha uniambie kama bado anaongea sana.

Mwanao.


12 Septemba

Mwanangu,

Nilimpata. Shangazi yake alinipa ruhusa ya alasiri moja, kwa sharti kwamba nisikutaje. Nilikubali sharti hilo huku nikijua sitalitimiza.

Umeniuliza kama bado anaongea. Haongei. Alinisalimu vizuri, akakaa karibu nami ukumbini, mgongo ukutani. Shangazi yake asema hulala hivyo hivyo, amekaa, macho mlangoni, mpaka usingizi umwangushe. Amekonda.

Shangazi alipokwenda kuchemsha chai, mtoto akaniuliza, "Babu, mama atakuja kunichukua?" Nikadhani anakutamani. Nikamwambia, "Ungependa aje?" Akatikisa kichwa kukataa, akanishika kanzu kwa mikono miwili.

Nilianza na kweli, kama nilivyoishi. Nilimwambia mama yake si mwanga, ni mtu mwema, ni fundi. Akanitazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto. "Babu, na wewe ulikuwepo. Nilipotea kweli. Hata mkono wangu sikuuona." Nikamweleza habari za taa. Nikamweleza ngeli. Kila nilipotaja mwanga alizidi kujibana ukutani, na hakuna neno jingine nililokuwa nalo.

Nilikataa kusema uongo ambao ungekurudishia mwanao. Nikijua hayo, nilisema huu. Nilimwambia, "Mama yako amefariki."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Hatakuja usiku?"

"Hatakuja."

Akalilegeza lile vazi mikononi mwake. Kisha akalia, mwanangu, na kilio chenyewe hakikuwa cha woga. Alilia kama mtoto aliyefiwa na mama anayempenda. Akasema ulikuwa ukimsuka polepole asiumie. Akasema ulikuwa na harufu ya sabuni ya kipande. Aliongea sana, mambo mengi, yote yako, mpaka chai ikapoa, na hakuwa amelitaja lolote kati ya hayo tangu kuhamishwa kwake. Shangazi alisimama mlangoni na birika, hakunikanusha.

Ukienda kwake leo, utamtokea kama mzuka. Hilo nalijua, na ni mimi niliyelifanya. Usiniandikie kunisamehe, wala usiniandikie kunilaani. Mahali pa yote mawili ni mbele zake Yeye nitakayesimama mbele zake.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama wafu huombewa. Nikamwambia huombewa. Akapiga magoti, akainua mikono yake midogo, akamwomba Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako na akutilie taa ndani yake. Alipomaliza akanigeukia, akingoja.

Nikaitikia amina.

Baba yako mkubwa.